Safari ya Sauti kutoka Kinywa cha Mwalimu hadi Sikio la Mwanafunzi: Misingi ya Kifizikia na Athari Zake katika Zoezi la Imla

Ikisiri

Makala haya yanaeleza misingi ya kisayansi ya sauti: namna inavyozaliwa, inavyosafiri na inavyobadilika kabla ya kufika sikioni. Maelezo yameelekezwa katika mazingira mahususi, yaani chumba cha darasa ambamo mwalimu anasoma imla ya Kiswahili na wanafunzi wanaandika wanachosikia. Hoja kuu ni kwamba neno linaposemwa, hakuna kitu kinachotoka kwa msemaji kikamfikia msikilizaji. Kinachosafiri ni msukosuko wa hewa, na msukosuko huo huathiriwa na umbali, kuta, paa na kelele. Kwa kuwa konsonanti zisizo ghuna hubeba nguvu ndogo kuliko irabu, hizo ndizo zinazopotea kwanza njiani. Makala yanahitimisha kwamba baadhi ya makosa ya imla anayohesabiwa mwanafunzi ni ya chumba, na yanapendekeza njia rahisi ya kutenganisha aina hizo mbili za makosa.

1.0 Utangulizi

Imla ni miongoni mwa mazoezi ya zamani katika ufundishaji wa lugha shuleni. Mwalimu husoma sentensi mara moja au mbili, mwanafunzi huandika, kisha daftari hukusanywa na kusahihishwa. Mwanafunzi wa dawati la mwisho aliyeandika "faa" mahali pa "saa", au "akasoma" mahali pa "atasoma", huwekewa alama ya kosa. Kwa kawaida kosa hilo hufasiriwa kwa njia mbili: ama mwanafunzi hajui tahajia, ama hakuwa makini.

Ipo sababu ya tatu ambayo huulizwa mara chache. Je, sauti iliyotoka kinywani mwa mwalimu ilifika katika dawati la mwisho ikiwa nzima? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa nadharia za isimu peke yake. Linahitaji ufahamu wa sauti kama tukio la kifizikia. Wanafunzi wengi wa isimu hukutana na fonetiki akustika baada ya kuzoea fonetiki matamshi, nao hujua vizuri ulimi unagusa wapi kuliko wanavyojua kinachotokea baada ya hewa kutoka mdomoni. Makala haya yanaanza hapo ambapo ulimi umemaliza kazi yake.

2.0 Dhana ya Sauti

2.1 Mtetemo kama chanzo cha sauti

Kila sauti huanza na kitu kinachotetemeka. Ngozi ya ngoma ikipigwa huenda ndani na kurudi nje mara nyingi kwa sekunde. Uzi wa zeze hufanya vivyo hivyo, na mtu akiweka vidole kooni huku akitamka irabu /a/ kwa kuivuta, atahisi mtetemo wa nyuzi za sauti. Katika utamkaji wa /s/ nyuzi hizo hutulia, na chanzo cha sauti huwa ni hewa yenyewe inayolazimishwa kupita katika mwanya mwembamba na kuvurugika. Tofauti hii kati ya sauti ghuna na sauti si ghuna itakuwa na uzito mkubwa katika sehemu zinazofuata.

2.2 Wimbi la sauti

Ngozi ya ngoma inaposukumwa nje, huzibana molekuli za hewa zilizo karibu nayo. Mahali hapo hewa husongamana na shinikizo lake hupanda kidogo. Molekuli zilizobanwa huzisukuma za mbele yake, nazo huzisukuma zinazofuata. Ngozi inaporudi ndani, huacha nafasi ambamo hewa hutanuka na shinikizo hushuka. Hivyo, mgandamizo na mtanuko hufuatana na kusambaa pande zote. Mfuatano huo ndio wimbi la sauti.

Mfano wa abiria waliosimama ndani ya daladala iliyojaa unaweza kusaidia. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria wa nyuma humwegemea aliye mbele yake, naye humwegemea mwingine, hadi msukumo unamfikia aliye karibu na dereva. Msukumo umepita gari zima, lakini hakuna abiria aliyetoka nyuma akaenda mbele. Kila mmoja amesogea kidogo na kurudi mahali pake. Ndivyo hewa inavyofanya. Hewa iliyo mdomoni mwa mwalimu haimfikii mwanafunzi wa mwisho. Kinachomfikia ni msukumo.

Neno "wimbi" limetoka baharini, na asili hiyo husaidia na pia hupotosha. Husaidia kwa sababu ngalawa iliyotia nanga hupanda na kushuka wimbi linapopita bila kuchukuliwa nalo hadi pwani. Hupotosha kwa sababu wimbi la bahari huonekana likiinua maji juu na kuyashusha, ilhali wimbi la sauti huisogeza hewa mbele na nyuma, katika mwelekeo uleule ambao sauti inakwenda. Mchoro wa mstari unaopanda na kushuka katika vitabu vya fizikia si picha ya hewa. Ni grafu inayoonesha shinikizo linavyopanda na kushuka. Mwanafunzi anayeichukua grafu hiyo kuwa umbo la sauti hudhani kwamba sauti hupita hewani ikijipinda kama nyoka, na dhana hiyo humzuia kuelewa mengi yanayofuata.

2.3 Ulazima wa kuwapo kwa kipitishi

Kama sauti ni msukumo unaopokezanwa na molekuli, basi pasipo na molekuli hapana sauti. Jambo hili lilithibitishwa na Robert Boyle nchini Uingereza, ambaye mwaka 1660 alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa kutumia pampu ya hewa. Chombo chenye kutoa sauti kiliwekwa ndani ya chupa kubwa ya kioo, kisha hewa ikaondolewa kidogo kidogo. Kadiri hewa ilivyopungua ndivyo sauti ilivyofifia, na hewa iliporudishwa sauti ilisikika tena. Mwanga uliendelea kupita katika ombwe hilo, kwani chombo kilionekana muda wote. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba sauti, tofauti na mwanga, haiwezi kusafiri bila kipitishi.

3.0 Mwendokasi wa Sauti

3.1 Kosa la Newton na sahihisho la Laplace

Mtu anayeona umeme wa radi na kusikia ngurumo baadaye anaushuhudia mwendokasi wa sauti kwa macho na masikio yake. Mwanga hufika karibu papo hapo, ilhali sauti huhitaji takriban sekunde 3 kwa kila kilometa. Mwanzoni mwa karne ya 18, William Derham alitumia njia hiyohiyo kwa makusudi. Akiwa juu ya mnara wa kanisa huko Upminster, Uingereza, alitazama kwa darubini mwako wa bunduki zilizofyatuliwa mbali, akapima muda uliopita hadi mlio kufika.

Kabla ya hapo, Isaac Newton alikuwa amejaribu kuukokotoa mwendokasi huo kwa nadharia, katika kitabu chake cha mwaka 1687. Alisema kwamba mwendokasi hutegemea mambo mawili: unyumbufu wa kipitishi, yaani nguvu yake ya kurudi katika hali ya awali baada ya kubanwa, na msongamano wake, yaani uzito wake kwa ujazo. Kipitishi kinachorudi kwa nguvu hupitisha sauti haraka. Kilicho kizito huichelewesha. Wazo hilo lilikuwa sahihi, lakini jibu lilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 15 likilinganishwa na vipimo halisi.

Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1816 Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa alionesha chanzo chake. Newton alichukulia kwamba halijoto ya hewa haibadiliki inapobanwa. Kwa kweli hewa inayobanwa hupata joto, kama anavyojua yeyote aliyegusa pampu ya baiskeli baada ya kuitumia. Migandamizo ya sauti hutokea haraka mno kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kutoka. Hewa iliyopata joto husukuma kwa nguvu zaidi, hivyo sauti hukimbia zaidi ya alivyokadiria Newton. Baada ya sahihisho hilo, nadharia na vipimo vilipatana.

3.2 Halijoto na aina ya kipitishi

Katika hewa yenye nyuzi joto 0 za Selsiasi, sauti husafiri takriban mita 331 kwa sekunde. Kila nyuzi moja inapoongezeka, mwendokasi huongezeka kwa takriban mita 0.6. Kwa hiyo, katika nyuzi 20 mwendokasi ni kama mita 343 kwa sekunde, na katika nyuzi 30, ambazo ni za kawaida katika mwambao wa Afrika Mashariki wakati wa kaskazi, ni kama mita 349.

Tofauti hiyo ya halijoto hueleza jambo linalofahamika vijijini: ngoma inayochezwa kijiji cha pili husikika vizuri usiku kuliko mchana. Mchana, hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto zaidi kuliko ya juu. Sehemu ya chini ya wimbi hukimbia kuliko sehemu ya juu, na wimbi hupinda kuelekea angani. Usiku wenye utulivu ardhi hupoa na hewa ya chini hupoa nayo. Wimbi hupinda kurudi chini, na sauti ambayo ingepotea angani huwafikia watu walio mbali. Utulivu wa usiku nao husaidia, kwa kuwa kelele nyingine zimepungua.

Katika maji sauti hukimbia zaidi. Mwaka 1826, Daniel Colladon alipima mwendokasi huo katika Ziwa Geneva. Kengele iliyozamishwa majini iligongwa upande mmoja wa ziwa na wakati huohuo baruti ikawashwa. Yeye, akiwa upande wa pili, alitega sikio kwa bomba lililozamishwa majini, akapima muda kati ya mwako na mlio. Alipata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzi 8. Katika chuma cha pua, mwendokasi huzidi mita 5,000 kwa sekunde. Vitu hivi ni vizito kuliko hewa, lakini unyumbufu wake ni mkubwa mno kiasi cha kuushinda uzito huo.

Kwa upande wa darasa, takwimu hizi zinaonesha kwamba tatizo si uchelewaji. Katika chumba chenye urefu wa mita 8, sauti humaliza safari kwa muda wa chini ya sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Neno linafika mapema. La kuchunguza ni hali linayofika nayo.

4.0 Sifa za Sauti Zinazoathiri Usikivu

4.1 Masafa na urefu wa wimbi

Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na hupimwa kwa hezi. Sikio changa lenye afya husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Urefu wa wimbi ni umbali kati ya mgandamizo mmoja na unaofuata, nao hupatikana kwa kugawanya mwendokasi kwa masafa. Sauti ya hezi 100 ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 3, na ya hezi 5,000 ina wimbi la sentimeta 7 hivi.

Urefu huo huamua jinsi sauti inavyokabiliana na vizuizi. Wimbi refu huzunguka nguzo, mlango au mwili wa mtu kwa urahisi. Wimbi fupi huzuiwa na kuacha kivuli nyuma ya kizuizi. Aidha, hewa yenyewe hufyonza masafa ya juu kuliko ya chini. Ndiyo maana sherehe ikiwa mbali, mdundo mzito wa muziki husikika lakini maneno ya wimbo hayatambuliki.

4.2 Mgawanyo wa nguvu kati ya irabu na konsonanti

Neno la Kiswahili halibebwi na masafa mamoja. Irabu zina nguvu kubwa, na nguvu hiyo imekusanyika zaidi katika masafa yaliyo chini ya hezi 3,000. Hutetemeshwa na nyuzi za sauti, hupita katika mdomo ulio wazi, na hudumu kwa muda unaotosha kusikika. Konsonanti zisizo ghuna ni dhaifu. Kikwamizo /s/ kina nguvu zaidi katika masafa yanayozidi hezi 4,000. Kikwamizo /ʃ/, kinachoandikwa "sh", hushuka chini zaidi. Kikwamizo /f/ kimetawanyika katika masafa mengi na ni miongoni mwa vilivyo dhaifu zaidi. Vipasuo /p/, /t/ na /k/ hutambulika kwa mlipuko wa muda mfupi sana na kwa jinsi irabu inayofuata inavyoanza.

Simu ya mezani inatoa ushahidi wa kila siku. Kwa muda mrefu simu hizo zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Mazungumzo yalieleweka kwa sababu irabu zilipita na muktadha ulisaidia, lakini mtu alipotaja jina geni, msikilizaji alishindwa kujua kama ni /f/ au /s/, na msemaji alilazimika kutaja neno zima linaloanza na herufi hiyo.

4.3 Ukubwa wa sauti na umbali

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakijumlishwi kama shilingi: ongezeko la desibeli 10 maana yake ni nguvu mara 10, na ongezeko la desibeli 20 ni nguvu mara 100. Sauti inaposambaa, nguvu ileile hutandazwa katika eneo linalozidi kupanuka. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, ukubwa hupungua kwa desibeli 6.

Ichukuliwe kwamba mwalimu amepaza sauti kiasi, na kwamba mita 1 kutoka mdomoni mwake ukubwa ni desibeli 65. Kwa kanuni hiyo, katika mita 2 utakuwa 59, katika mita 4 utakuwa 53, na katika mita 8 utakuwa 47. Kama kelele za viti, kunong'ona na uwanja wa nje zinafikia desibeli 50, mwanafunzi wa mbele anamsikia mwalimu kwa ziada ya desibeli 9 juu ya kelele, ilhali wa nyuma anapata sauti iliyo chini ya kelele kwa desibeli 3. Wataalamu wa akustika ya madarasa hupendekeza ziada ya desibeli 15. Hivyo, hata mwanafunzi wa mbele hajapata anachostahili.

Hesabu hii inahusu mahali pa wazi. Ndani ya chumba, kuta hurudisha sehemu ya sauti, na ukubwa wa nyuma haushuki kiasi hicho. Hata hivyo, msaada huo wa kuta una gharama yake.

5.0 Sauti Ndani ya Chumba

5.1 Mwangwi na mvumo

Wimbi likigonga ukuta, sehemu yake huakisiwa na sehemu hufyonzwa. Saruji, matofali yaliyopigwa plasta, kioo na bati huakisi karibu sauti yote. Nguo, mikeka, magodoro na miili ya watu hufyonza kwa wingi. Sauti iliyoakisiwa ikirudi baada ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi, sikio huisikia kuwa sauti ya pili, na hii ndiyo mwangwi. Kwa hewa ya kawaida, ukuta unapaswa kuwa umbali wa kama mita 17 ili hali hiyo itokee, kama inavyotokea kwa anayepiga kelele mbele ya jabali.

Darasa ni dogo kuliko hivyo. Humo mwakisiko hurudi mapema na mara nyingi, kutoka kila ukuta. Ule unaofika ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde huungana na sauti ya awali na kuiongezea nguvu. Unaochelewa zaidi huendelea kuvuma wakati mwalimu ameshafika katika silabi nyingine. Hali hiyo ya sauti kubaki chumbani baada ya chanzo kunyamaza huitwa hapa mvumo.

5.2 Ugunduzi wa Sabine

Aliyeufanya mvumo kuwa jambo la kupimika ni Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao wasikilizaji hawakuweza kumwelewa mzungumzaji. Katika ukumbi huo ukiwa mtupu, neno lililotamkwa liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5, hata maneno yote yaliyofuata yakapandana.

Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya. Alipiga filimbi ya kinanda cha kanisa na kupima kwa saa muda uliopita hadi masikio yake yasisikie kitu. Kisha aliazima mito ya kukalia kutoka ukumbi mwingine, akaipanga kidogo kidogo na kupima upya. Kadiri mito ilivyoongezeka, mvumo ulipungua kwa utaratibu unaokokotoleka. Matokeo yake ni kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mvumo kwa sekunde ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, mara 0.161, ukigawanywa kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti kwa mita za mraba. Kipimo cha ufyonzaji alichokitumia ni cha kuvutia kwa urahisi wake: dirisha lililo wazi. Sauti inayotoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita 1 ya mraba ya dirisha lililo wazi ni ufyonzaji kamili wa mita 1 ya mraba.

5.3 Mfano wa hesabu

Lichukuliwe darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 168, na jumla ya eneo la sakafu, kuta na sehemu ya juu ni mita za mraba 202. Ikikadiriwa kwamba nyuso hizo ngumu hufyonza asilimia 5 tu ya sauti, eneo la ufyonzaji ni mita za mraba 10 hivi. Muda wa mvumo wa darasa tupu utakuwa takriban sekunde 2.7.

Wakiingia wanafunzi 50, na kila mmoja akikadiriwa kufyonza sawa na mita za mraba 0.3, ufyonzaji hufikia 25 na mvumo hushuka hadi sekunde 1.1. Madirisha yenye jumla ya mita za mraba 6 yakifunguliwa, mvumo hushuka hadi sekunde 0.9. Kiwango kilichowekwa Marekani kwa madarasa ya ukubwa huu ni sekunde 0.6. Yamebainika hapa mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wenyewe ndio wafyonzaji wakuu wa sauti darasani. Pili, dirisha lililo wazi hupunguza mvumo lakini huingiza kelele za nje, hivyo mwalimu hulazimika kuchagua kati ya madhara mawili.

6.0 Athari katika Imla ya Kiswahili

6.1 Muundo wa silabi na mvumo

Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni wazi: konsonanti hufuatwa na irabu, na takriban maneno yote huishia kwa irabu. Muundo huu huifanya lugha isikike vizuri, lakini una athari ndani ya chumba chenye mvumo. Karibu kila konsonanti hutanguliwa na irabu, iwe ya silabi iliyopita au ya neno lililopita. Irabu ndiyo yenye nguvu, na mkia wake ndio unaobaki ukivuma. Kwa hiyo, konsonanti dhaifu hutamkwa wakati mwafaka wa kufunikwa.

Madhara yake katika maana si madogo. Jozi kama "saa" na "faa", "sina" na "shina", au "paka", "taka" na "kaka" hutofautiana kwa konsonanti moja. Katika kitenzi, konsonanti moja huweza kubeba wakati mzima: "atasoma" hueleza jambo lijalo, na "akasoma" huendeleza simulizi ya jambo lililopita. Tofauti ya /t/ na /k/ katika maneno hayo imo katika mlipuko mfupi na mwanzo wa irabu /a/. Mvumo ukiufunika mwanzo huo, mwanafunzi huachwa akisie.

Mtu mzima hukisia vizuri kwa sababu anajua maneno mengi na muktadha humwongoza. Mtoto anayejifunza hana akiba hiyo, hasa kama Kiswahili ni lugha yake ya pili. Hivyo, chumba kibovu humwadhibu zaidi yule ambaye zoezi lilikusudiwa kumsaidia.

Kupiga kelele hakuondoi tatizo. Msemaji anapopaza sauti sana, irabu ndizo zinazoongezeka nguvu zaidi, na konsonanti hubaki nyuma. Mvumo nao huongezeka kwa kiasi kilekile, kwa kuwa umetokana na sauti hiyohiyo.

6.2 Paa la bati wakati wa mvua

Bati ni jembamba, pana na jepesi kutetemeka. Tone la mvua likiligonga, hulifanya kama kijiti kinavyoifanya ngozi ya ngoma. Matone mengi hugonga kwa wakati mmoja bila mpangilio, na matokeo yake ni kelele iliyotapakaa katika masafa mengi, yakiwamo yale ya juu ambamo /s/, /f/ na /t/ hutambulikia. Pasipo na dari, kelele hiyo hushuka moja kwa moja juu ya vichwa vya wanafunzi. Kwa sababu hiyo, katika shule nyingi za aina hii mvua kubwa husimamisha somo, au mwalimu huhamia ubaoni. Uamuzi huo ni sahihi kifizikia. Kusoma imla katika hali hiyo ni kupima usikivu wa kiti, si ujuzi wa lugha.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonesha kwamba sauti ni mgandamizo na mtanuko unaopokezanwa na molekuli za kipitishi. Kwamba mwendokasi wake hutegemea unyumbufu, msongamano na halijoto. Na kwamba inaposafiri hudhoofishwa na umbali, huakisiwa na kuta na hufunikwa na kelele. Yameonesha pia kwamba vikwazo hivyo haviziathiri fonimu zote kwa usawa.

Kutokana na hayo, yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, mwalimu asome imla akitembea hadi katikati ya darasa, kwa mwendo wa polepole na kwa kutua kidogo kati ya vikundi vya maneno, badala ya kusimama ubaoni na kupaza sauti. Kutua huupa mvumo nafasi ya kufa. Pili, panapowezekana, dari iwekwe chini ya bati, na vitu laini kama mikeka au mapazia vitundikwe katika ukuta wa nyuma. Tatu, kabla ya kosa la imla kuhesabiwa kuwa la mwanafunzi, makosa ya darasa zima yapangwe kwa mujibu wa safu za madawati. Makosa ya athari ya lugha ya kwanza, kama kuchanganya /l/ na /r/, hayachagui dawati. Yatatokea mbele na nyuma. Makosa ya kuchanganya /f/ na /s/ au /t/ na /k/ yakikusanyika nyuma, safu zibadilishane nafasi na imla nyingine yenye ugumu uleule isomwe. Kama makosa yatahama pamoja na wanafunzi, basi yanahitaji kufundishwa. Kama yatabaki katika madawati yaleyale, chumba ndicho kinachohitaji marekebisho, na alama ya mwanafunzi haina budi kutazamwa upya.